Safari ya Isiolo na saa ya shilingi mia nne

Simu ya dada yangu iliniamsha saa kumi na moja alfajiri, na msomaji anajua kwamba simu ya saa hiyo hailetwi na habari za harusi.

"Kaka, kijana amesimamishwa wodini," alisema. "Tafadhali nenda Isiolo ukamwone kwa macho. Mimi nikimpigia ananijibu vizuri mno, na hilo ndilo linaloniogopesha."

Kijana huyo ni mpwa wangu, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Jina lake nalihifadhi, na la chuo chake pia, kwa kuwa kosa lilikuwa lake mwenyewe na ameniruhusu nilisimulie kwa sharti hilo. Mama yake humlipia karo kwa kuuza mboga na viazi sokoni. Kumwona mtoto wa namna hiyo akisimamishwa ni sawa na kuuangusha mtungi wa maji mlangoni baada ya kuubeba kichwani njia nzima kutoka mtoni.

Nilidhani ni pombe. Nikadhani labda ni miraa, maana Isiolo ni pua na mdomo na milima ya Nyambene inakopandwa. Nikadhani tena huenda ni mambo ya wasichana. Nilikosea mara zote tatu.

Njia ya kaskazini

Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni kilomita zipatazo 280. Unapita Thika, Sagana na Karatina, Mlima Kenya ukikusindikiza upande wa kulia, kisha Nanyuki ambako msafiri huvuka mstari wa Ikweta. Baada ya mashamba ya ngano ya Timau, barabara hugawanyika: wa Meru hushika kulia, wa Isiolo hushika kushoto. Hapo ndipo gari huanza kuteremka. Baridi ya mlimani huachwa nyuma, abiria huvua makoti, na mbele yako nchi hufunguka, kavu na pana, hadi macho yanapochoka.

Tulikuwa abiria kumi na wanne katika matatu hiyo. Nikiwa na ubahili wa mazungumzo niliowahi kuuzoea katika safari za zamani, nilisubiri mtu aniulize ninatoka wapi ili nami nimuulize anakwenda wapi. Hakuna aliyeuliza. Niliwahesabu kumi na mmoja walioinamia simu zao. Nilikuwa tayari kuwalaumu, hadi nilipotambua kwamba tangu Karatina hadi Timau nami nilikuwa nimeitoa yangu mfukoni mara tisa, na hakuna hata mara moja iliyokuwa imelia.

Hilo naliandika mapema ili msomaji asidhani kwamba makala haya ni ya mzee anayewasuta vijana.

Mji wa watu waliotoka mbali

Kwa miaka mingi Isiolo palikuwa mahali lami ilipoishia. Ukipita kizuizi cha polisi upande wa kaskazini mwa mji ulikuwa umeliaga jimbo moja la maisha na kuingia jingine. Safari ya Moyale, mpakani mwa Ethiopia, ni karibu kilomita 500, na watu waliifanya juu ya malori yaliyobeba ng'ombe au magunia, kwa siku mbili au zaidi, wakiomba Mungu mvua isinyeshe na majambazi wasitokee. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Mwaka huohuo uwanja wa ndege wa kimataifa wa Isiolo ulifunguliwa.

Barabara nyingine ilikuja bila vumbi. Kebo za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, bei ya mtandao ilianza kushuka kote nchini, na minara ya simu ikazidi kupanda kaskazini. Leo mtoto wa Isiolo huona mambo ya Seoul na Los Angeles dakika ileile anayoyaona mtoto wa Westlands.

Kaunti nzima ina kilomita mraba zaidi ya 25,000, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wapatao 268,000 tu. Mji wenyewe ni mji wa wageni waliogeuka wenyeji. Askari wa Kisomali waliotumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makao hapa. Wakaja maofisa wa iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wakaja wafanyabiashara, wakaja wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame. Wamo Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na ukipita sokoni utasikia lugha tano kabla hujamaliza kununua kitunguu. Kiswahili ndicho kinachowasuluhisha wote.

Katika miaka ya karibuni umeingia mgeni wa aina mpya: mwanafunzi wa tiba. Zamani aliyetaka kuwa muuguzi au tabibu alifikiria Nairobi na miji mingine mikubwa. Siku hizi mafunzo hayo yametawanywa hadi kaunti za mbali, na vijana wa Kisii, Kitui na Kakamega hujikuta Isiolo wakiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kila mmoja na sanduku lake, koti jeupe na simu. Kati ya hivyo vitatu, simu ndiyo pekee inayozungumza lugha ya nyumbani kwao.

Tarakimu zilizofanana

Mpwa wangu alikuwa amepanga chumba kimoja mtaani Bula Pesa. Kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili, meza ya vitabu. Waya wa chaji ulitoka ukutani ukapita juu ya meza na kuingia chini ya mto. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu, mjomba," aliniambia. "Najua umetumwa."

"Nimetumwa," nikamjibu. "Lakini nimekuja pia kula. Kuna chakula?"

Hakukuwa na chakula. Tulitoka tukala nyama ya ngamia na wali kwenye hoteli moja karibu na msikiti, na hapo, mikono ikiwa na mafuta na simu ikiwa haiwezi kushikwa, aliniambia yote.

Alikuwa kwenye mazoezi katika wodi ya kina mama. Alikabidhiwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ampime shinikizo la damu na mapigo ya moyo kila nusu saa na kuandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Kazi hiyo huonekana ndogo. Sababu yake si ndogo. Mtu aliyepasuliwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila tone moja kuonekana nje. Dalili hujitokeza kwenye tarakimu: mapigo hupanda, shinikizo hushuka. Anayezifuatilia huita daktari mapema, naye asiyezifuatilia huita jamaa wa marehemu.

Mpwa wangu hakuwa na saa ya mkono. Alihesabu mapigo kwa kutazama sekunde kwenye simu. Mara ya kwanza alipima vizuri. Mara ya pili aliitoa simu kuangalia saa, akakuta ujumbe. Kutoka kwenye ujumbe akaingia kwenye video fupi, na kutoka kwenye hiyo akaingia kwenye nyingine. Alipoinua kichwa, zamu mbili za kupima zilikuwa zimepita.

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

Alinyamaza kidogo. "Nikaziandika tu, mjomba. Nikabuni."

Sista msimamizi wa wodi alipopita aliiona karatasi ile ikiwa na shinikizo la 120 kwa 80 mara tatu mfululizo, bila kupanda wala kushuka hata kidogo. Mwili wa binadamu si saa ya ukutani. Sista hakusema neno. Alichukua kipimo akapima mwenyewe, na tarakimu zake hazikufanana na zile. Bahati njema mama yule alikuwa salama, na baada ya siku chache alirudi kwao na mwanawe. Lakini bahati si tiba. Kijana aliondolewa wodini kwa wiki mbili na kuambiwa alete mzazi.

Simu iliyogeuka dawa ya usingizi

Nilimuuliza swali ambalo nadhani ndilo muhimu kuliko yote: ilianza lini?

Nilitarajia aseme ilianza aliponunua simu. Badala yake alinieleza kuhusu mwezi wa tatu wa mwaka wake wa kwanza. Mtoto mchanga alifariki mbele yake usiku. Hakuwa amewahi kumwona mtu akifa. Asubuhi zamu ikaisha, akavua koti, akatembea hadi chumbani, akakuta hakuna wa kumwambia. Mama yake alikuwa sokoni. Angemwambia, mama angesema, "Basi rudi nyumbani." Wenzake walikuwa wamelala au walijifanya kulala.

Alifumba macho akamwona yule mtoto. Akafungua simu, akatazama watu wakicheza dansi na paka wakianguka kutoka kwenye makabati. Baada ya saa mbili akapata usingizi. Usiku uliofuata akatumia dawa ileile. Wa tatu pia. Kama ilivyo kwa dawa nyingi za namna hiyo, kipimo kilianza kuongezeka. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akilala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili. Darasani alisinzia. Aliposinzia alikosa kuelewa. Alipokosa kuelewa aliogopa mtihani, na alipoogopa mtihani alifungua simu ili asahau kwamba anaogopa.

Hata vitabu vyake vilikuwa humohumo. Maelezo ya wakufunzi, ratiba ya zamu, kundi la darasa, mitihani ya miaka iliyopita: vyote ndani ya kile kidude. Mlevi unaweza kumwambia asipite penye baa. Huyu baa yake ndiyo maktaba yake.

Wataalamu wanasemaje?

Neno uraibu wa intaneti lina historia ya kuchekesha. Mwaka 1995 daktari wa akili wa New York, Ivan Goldberg, aliliandika kama mzaha, akibuni ugonjwa na dalili zake. Watu wakaanza kumwambia kwamba wanao. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, aliwasilisha jambo hilo kwa uzito mbele ya wanasaikolojia wenzake mjini Toronto, na mwaka 1998 akatoa maswali 20 ya kujipima ambayo hutumiwa hadi leo, alama za juu kabisa zikiwa 100. Anauliza, kwa mfano, kama unakaa mtandaoni kuliko ulivyokusudia, kama unapoteza usingizi, kama unaficha unachofanya, na kama kazi yako imedhoofika.

Ni haki kusema kwamba wataalamu hawajakubaliana wote. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliutambua uraibu wa michezo ya kompyuta, lakini halikuuorodhesha uraibu wa intaneti kwa jumla. Vigezo vyake, hata hivyo, vinamfaa mzazi yeyote kuvijua: mtu ameshindwa kujizuia, jambo hilo limetangulizwa mbele ya mengine yote, naye anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo kijana anayecheka na simu yake jioni moja si mgonjwa, na tusimwite hivyo.

Kuhusu wanafunzi wa tiba, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulijumlisha tafiti 12 kutoka nchi mbalimbali, zenye wanafunzi zaidi ya 3,600. Karibu watatu kati ya kila kumi walionekana kuwa na tatizo hilo. Ni jambo la kushangaza kwamba wanaofundishwa kuwaonya wengine kuhusu sigara na pombe wamo hatarini kiasi hicho, lakini ukitazama visababishi utaacha kushangaa.

Tafiti zinataja wasiwasi na huzuni ya muda mrefu, upweke, kukosa usingizi, na mzigo mkubwa wa masomo. Ongeza kuwa mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza bila mtu wa kuuliza umelala saa ngapi. Ongeza zamu za usiku zinazovuruga mpango wa mwili. Wavulana mara nyingi huonekana kuvutwa na michezo na kamari za mtandaoni, ambazo humaliza usingizi na karo kwa pamoja. Wasichana huvutwa zaidi na mitandao ya kijamii. Wataalamu hutahadharisha pia kwamba tafiti nyingi huwapima wanafunzi mara moja tu, kwa hiyo haziwezi kusema kama huzuni ndiyo iliyozaa uraibu ama uraibu ndio uliozaa huzuni. Kwa mpwa wangu najua kilichotangulia. Kwa wengine huenda ni kinyume.

Nayo simu haikuachwa kufanya kazi peke yake. Katika karne iliyopita mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwaonyesha wasomi jinsi njiwa anayepewa punje kila anapodonoa hupumzika akishiba, lakini anayepewa punje bila mpangilio, mara apate mara akose, hudonoa bila kuchoka. Video mbili mbaya, ya tatu nzuri: hiyo ndiyo punje. Mwaka 2006 fundi wa programu, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ule unaoendelea kushuka kila unapousukuma kwa kidole. Baadaye alisema anajutia. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, gazeti hili pia. Ule hauna.

Maziwa ya alfajiri

Nililala nyumba ya wageni, na alfajiri nikamgongea mpwa wangu mlango. Nilitaka tutembee kabla ya jua kuwaka.

Isiolo ya alfajiri ni mji mwingine. Sauti ya adhana hupokelewa na milio ya mbuzi, upepo ni mwanana, na upande wa kusini, mawingu yakikubali, kilele cha Mlima Kenya huonekana cheupe juu ya nchi isiyojua barafu. Tulifika kwenye biashara ambayo imeupa mji huu sifa hadi Nairobi: maziwa ya ngamia. Kina mama wa Isiolo, wengi wao Wasomali, huyakusanya kutoka kwa wafugaji na kuyasafirisha kwa basi hadi Eastleigh. Baadhi yao wamejiunga katika chama cha ushirika kinachoitwa Anolei.

Tulisimama tukitazama. Madebe ya plastiki yalifika, vifuniko vikafunguliwa, mama mmoja akanusa, akaonja, akakataa moja na kukubali matatu. Simu yake ililia. Akauliza: lita ngapi, gari gani, yanafika saa ngapi? Akatuma pesa kwa M-Pesa. Kisha simu ikarudi ndani ya mikunjo ya dirac na haikuonekana tena hadi iliposhikwa kwa shughuli nyingine.

Nilianza kumwonyesha mpwa wangu kwa kidole, kwa namna ya mjomba anayetoa funzo. Mama yule akaniona, akacheka.

"Baba, usinisifu," alisema kwa Kiswahili cha Isiolo. "Asubuhi basi linanisubiri, ndiyo sina nafasi. Njoo jioni unione na video za dada yangu wa Minneapolis. Na binti yangu? Huyo usiseme."

Sote tulicheka, na mpwa wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Lakini maneno yale nimeyabeba hadi leo. Mama huyu hana moyo wa chuma kutushinda. Ana kazi yenye mwisho, basi lenye saa ya kuondoka, na wenzake kumi wanaomwita kwa jina. Simu hupata nafasi pale tu watu na shughuli vinapoiachia. Chumba kile cha Bula Pesa kilikuwa kimeiachia nafasi yote.

Saa ya shilingi mia nne

Saa nne tulikwenda kumwona sista msimamizi. Nilijitayarisha kuomba radhi kwa maneno mengi. Hakuyahitaji.

"Mzee, simu nazo sitazipiga vita," alisema. "Nami ninayo, na vipimo vya dawa wanaviangalia humo. Neno langu ni mawili tu. Wodini simu inakaa kabatini, na mwanafunzi anakuja na saa ya mkono. La pili, tarakimu ambayo hukuipima, iache wazi. Nafasi iliyo wazi itaniambia nikampime mgonjwa. Tarakimu ya uongo itaniambia nikanywe chai."

Kisha akamgeukia kijana, na sauti yake ikapungua ukali. Akamuuliza kuhusu yule mtoto wa mwaka wa kwanza. Kumbe alikuwa ameelezwa. "Wa kwanza kwangu alikuwa mzee wa Garba Tulla," alisema. "Hata leo nakumbuka viatu vyake. Nani alikwambia unyamaze?"

Mpwa wangu hakuweza kujibu. Nilitazama dirishani ili nimpe nafasi.

Tulipotoka tulipita madukani tukanunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, kwa shilingi 400 baada ya kupatana. Tulinunua pia saa ndogo ya mezani yenye kengele, ili simu isipate kisingizio cha kulala chini ya mto. Jioni hiyo alihamia chumba cha mwenzake wa darasa, kijana wa Kitui anayekoroma. Nilimwambia kwamba mkoromo ni dalili ya kuwa na mtu karibu.

Mzazi afanye nini?

Tangu nirudi nimewaeleza wazazi wengi kisa hiki, na wote huniuliza jambo lilelile: nimnyang'anye simu? Kwa mwanafunzi wa chuo hilo haliwezekani, na kwa wa tiba ni kama kumnyang'anya daftari. Yapo mengine yanayowezekana.

Kwanza, tafuta saa ya mkono na saa ya kengele. Mambo mengi tunayosema tunaifungulia simu yanaweza kufanywa na chombo kisichokuwa na video.

Pili, simu ilale mbali na kitanda. Mwanga wa kioo chake usiku huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na usingizi ukikatika, wasiwasi huja kuketi mahali pake.

Tatu, arifa zisizo za lazima zizimwe, na bando linunuliwe kwa kipimo. Mwenye mkate mzima mezani hula kuliko mwenye vipande viwili.

Nne, mkiona kijana amebadilika, hajali chakula, amejitenga, alama zinashuka, pesa za karo hazieleweki, msianze na simu. Anzeni na kijana. Vyuo vingi vina washauri wa wanafunzi, na huzuni iliyozidi ni ugonjwa unaotibika hospitalini kama mwingine wowote.

Na tano, ambalo ndilo lililonipeleka Isiolo na kunirudisha: badilisheni swali. Sisi wazazi humpigia mtoto na kuuliza, "Umesoma? Umekula?" Naye hujibu ndiyo na ndiyo, kisha tunakata simu tukiwa tumeridhika. Dada yangu sasa humpigia kila saa tatu usiku na kumuuliza, "Leo umekaa na nani?" Jibu la swali hilo haliwezi kuwa ndiyo. Na siku ambayo jibu ni kimya, mama hujua.

Mpwa wangu alirudi wodini wiki mbili zilipokwisha. Siwezi kumwambia msomaji kwamba amepona kabisa, maana ningekuwa nami nabuni tarakimu. Wiki ya mitihani aliteleza, akakesha na simu siku mbili, kisha akanipigia yeye mwenyewe kunieleza kabla sijaambiwa. Hilo nililihesabu kuwa ni ushindi.

Hivi majuzi alinitumia picha, na ndiyo, aliituma kwa simu. Ni karatasi tupu ya mazoezi ya chuo, aliyojipimia mwenyewe shinikizo la damu kwa siku nzima. Kuna 118, kuna 124, kuna 115. Na saa nane mchana, mahali ambapo alikuwa amelala na hakupima, ameacha nafasi iliyo wazi.